Kahubiri Miaka 24, Karudi Darasani Kujifunza Kuhubiri! Kisa cha Mchungaji wa Dar na Mama Aliyekariri Hubiri Lake

Ukitaka kujua kama kanisa limechoka na mahubiri, usihesabu viti vitupu. Hesabu simu. Mhubiri akishasema tu "leo nina mambo matatu", vichwa vinaanza kuinama kimoja kimoja kama watu wanaomba, kumbe mtu yuko WhatsApp anapanga mtoko wa jioni. Wengine wako TikTok kabisa, sauti wameizima, wanamwangalia mhubiri mwingine huku wamekaa mbele ya mhubiri wao. Daah!

Kawaida lawama zote zinawaendea vijana. Vijana hawatulii, vijana wanapenda miujiza, vijana wameharibiwa na mitandao. Maneno hayo mchungaji wa kisa hiki ameyasema sana, tena mimbarani, mpaka siku alipogundua kwamba kuna watu wazima waliochoka kabla ya hao vijana. Ila wao walikuwa na adabu ya kutoshika simu.

Jina lake halitajwi, na la usharika wake pia halitajwi, maana washarika bado wanamuona kila Jumapili na wengi hawajui nusu ya haya. Ni mtu wa miaka 52, yuko kwenye utumishi mwaka wa 24. Piga hesabu ya Jumapili peke yake: mahubiri zaidi ya 1,200. Hapo hujaweka misiba, harusi, jumuiya za katikati ya wiki na semina za kwaya. Mtu kama huyo ukimwambia akajifunze kuhubiri ni sawa na kumwambia mama ntilie aliyelea watoto wanne kwa sufuria yake akajifunze kupika wali.

Na wala hakuwa mhubiri mbovu. Sauti anayo. Utani anao. Anajua pa kupandisha na pa kushusha, anajua ni wakati gani "Bwana asifiwe" inaamsha watu. Ibada ikiisha anasimama mlangoni, washarika wanapita wanampa mkono: "Baba Mchungaji, leo umetubariki sana." Miaka 24 ya umetubariki. Sasa mtu anayeambiwa hivyo kila wiki atajuaje kama kuna siku hakubariki mtu?

Kilichomvuruga ni msiba.

Kijana wa miaka 26 alifariki kwa ajali ya bodaboda. Mama yake alikuwa mjane, miaka miwili nyuma huyu huyu mchungaji ndiye aliyemzika mume wake. Wiki hiyo mchungaji alikuwa na misiba mitatu, kikao cha ujenzi wa kanisa na changizo la kwaya. Hakuandaa kitu. Akasimama na hubiri lake la msiba, lile la abiria mwenye tiketi mkononi anayesubiri basi stendi bila kujua saa ya kuondoka. Zuri kweli. Limeliza watu wengi.

Mama alikuwa amekaa mbele, kanga kichwani, macho chini. Mchungaji akaona midomo yake inacheza. Kwanza akadhani anaomba. Akaendelea. Alipofika pale kondakta anapoita majina, akaona kitu kilichomtoa jasho: midomo ya yule mama ilikuwa inafika kwenye neno kabla yake. Alikuwa anamtangulia. Hubiri lote alishalijua, maana lilimzika mumewe.

Alimaliza, angefanyaje? Baada ya maziko mama akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante Baba Mchungaji, Mungu akubariki." Hakukuwa na kejeli ndani yake hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kwenye gari mke wake alikaa kimya mpaka wanapita Buguruni. Ndipo akasema taratibu, "Mume wangu, yule mama alimzika baba watoto wake kwa hubiri hili hili."

"Nimechoka, mke wangu. Misiba mitatu wiki moja."

"Najua umechoka. Na yeye amechoka."

Nyumbani binti yao wa chuo akamalizia. Kumbe yeye na wenzake wa kwaya ya vijana walikuwa na mchezo wa muda mrefu: baba akisema sentensi ya kwanza, wanatumiana ujumbe kubahatisha leo ni hubiri gani. La tiketi. La mbuzi wa jirani. La nanga. La yule tajiri wa Kariakoo. Kwa hesabu yao yalikuwa 11, yanazunguka. Walikuwa wanapatia karibu kila wiki. Binti alisema hayo akicheka, halafu akamuona baba yake usoni, akaacha kucheka.

Hapo watu wengi wangekasirika, na yeye alikasirika siku tatu nzima. Alisema nyumba yake imekosa heshima. Siku ya nne akatoa madaftari yake ya zamani ya chuo, akatafuta aliyofundishwa kuhusu kuhubiri. Akakuta somo moja, muhula mmoja, na maksi nzuri. Basi. Tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kukaa na hubiri lake na kumwambia hapa umepotea.

Fikiria rubani, fikiria daktari. Hao wanapimwa tena na tena wakiwa kazini. Mchungaji anapimwa akiwa kijana wa chuo, halafu anakabidhiwa maiki ya maisha.

Mafunzo yapo, na siyo lazima iwe shahada nyingine. Vyuo vya theolojia vina kozi fupi, na kuna huduma kama Langham Preaching, iliyotokana na kazi ya mchungaji Mwingereza John Stott, zinazokusanya wahubiri katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, na kuwaweka kwenye vikundi vidogo vya kujifunza pamoja. Kozi aliyoipata yeye ilikuwa Morogoro, wiki moja moja, mara tatu kwa mwaka. Wachungaji 14 wa madhehebu tofauti, wote wenye zaidi ya miaka kumi kazini. Nusu ya ada alitoa mfukoni. Wazee wa kanisa aliwaambia anakwenda semina. Semina ya nini? Ya viongozi. Aibu, bwana!

Siku ya kwanza asubuhi akakutana mlangoni na mchungaji wa kike, wa miaka 37 hivi, aliyemfundisha kipaimara yeye mwenyewe kwenye usharika wa zamani.

"Shikamoo Baba Mchungaji!"

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kusoma?"

Dada akainamisha kichwa kidogo. "Hapana Baba. Nimekuja kufundisha."

Mzee baba akatamani stendi iwe karibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi kuisema na mbaya kuifanya. Kila mtu amekuja na rekodi ya hubiri lake la karibuni. Linachezwa lote, halafu wenzake 13 wanaandika kwa sentensi moja: hubiri hili limesema nini? La kwake lilikuwa la dakika 47. Karatasi zikakusanywa, zikasomwa. Sentensi 13 tofauti. Mmoja aliandika kuhusu subira, mmoja kuhusu zaka, mmoja kuhusu malezi ya watoto. Mwalimu akamgeukia kwa upole: "Baba, na wewe mwenyewe tuandikie, ulitaka kusema nini?" Alishika kalamu dakika tano nzima. Sentensi haikuja.

Hii siyo mbinu ya jana. Mwalimu mmoja wa kuhubiri wa Marekani, Haddon Robinson, alitoa kitabu mwaka 1980 ambacho vyuo vingi vinakitumia mpaka leo, na moyo wa kitabu chote ni huo huo: hubiri libebe wazo kuu moja, na mhubiri alijue kabla hajasimama. Ukiwa na mawazo sita, msikilizaji anaondoka na la saba alilolitunga mwenyewe.

Kazi ya pili: kukaa na fungu moja la Biblia siku mbili bila kuruhusiwa kuwaza hubiri. Maswali tu. Nani alikuwa anaambiwa maneno haya? Alikuwa na hofu gani? Kwa nini neno hili limewekwa hapa na siyo pale? Siku ya pili jioni akamwambia mwenzake wa chumbani jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: kwa miaka mingi alikuwa anafungua Biblia akitafuta mstari wa kubebea hadithi aliyokuwa nayo tayari. Mstari ulikuwa kama msumari wa kutundikia koti lake.

Siyo wote waliovumilia. Kulikuwa na mchungaji mmoja mwenye kanisa kubwa lenye skrini na spika za nguvu, suti zake za kushonesha. Karatasi zake 13 ziliposomwa akafunga begi. "Roho Mtakatifu hafundishwi darasani," akasema. "Mimi nikisimama, ananipa."

Mwalimu hakupandisha sauti. "Ni kweli anatoa, Baba. Lakini na Jumanne alikuwepo, siyo Jumapili tu. Swali ni kama sisi Jumanne tulikuwa mezani."

Jamaa aliondoka kwa basi la saa nane. Na hoja yake isibezwe, ina uzito. Kozi inaweza kumtoa mtu akiwa fundi wa maneno tu, anayejua kupanga mikono na kuangalia kamera, ndani hamna kitu. Hata cheti hakimalizi ubishi. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayodai elimu ya dini ya ngazi ya chuo kikuu kwa viongozi wa makanisa. Sheria inaweza kudai cheti. Haiwezi kumlazimisha mtu mwenye cheti amsikilize mjane aliyekaa mbele yake. Mchungaji wetu cheti alikuwa nacho ukutani, kwenye fremu.

Wanaosema kurudi kujifunza ni dharau kwa wito, wasome Matendo ya Mitume sura ya 18. Apolo alikuwa msemaji hodari, mtu wa Aleksandria, Maandiko anayajua. Lakini kuna sehemu elimu yake ilikuwa haijatimia. Prisila na mume wake Akila, watu wa kushona mahema, wakamchukua, wakamfafanulia vizuri zaidi. Hawakumuumbua mbele ya watu, na yeye hakuwauliza wana shahada gani.

Ukienda mbele kidogo, sura ya 20, hata Paulo mwenyewe alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu! Alipona, lakini somo lipo. Pengine ndiyo maana Papa Fransisko, Juni 2024, aliwaambia mapadre mahubiri yasizidi dakika nane, watu wasije wakalala.

Yohane Krisostomo, yule wa karne ya nne aliyeitwa Kinywa cha Dhahabu, aliandika kwamba mwenye kipaji cha kusema anahitaji kufanya kazi zaidi kuliko asiye nacho, kwa sababu watu wanakuja wakitegemea makubwa na kipaji kisipotunzwa kinapotea. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 mahali ambapo leo ni Algeria, alianza kitabu juu ya kuelewa na kufundisha Maandiko, akakiacha njiani kwa karibu miaka 30. Sehemu ya mwisho, inayohusu kuhubiri, aliimaliza akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Na huyo John Stott, akiwa mhubiri kijana pale London, aliwaomba marafiki wawili wanafunzi wa udaktari wawe wakosoaji wa mahubiri yake. Hakuwaomba maaskofu, aliwaomba wanafunzi.

Hiyo ya Stott ndiyo iliyokuwa kazi ya tatu, ya kufanya nyumbani. Tafuta watu watano wa usharika wako, wasiwe wazee wa kanisa, wasiwe ndugu zako. Kila Jumatatu wakujibu maswali matatu. Umesikia nini? Umepotea wapi? Na Jumatatu yako hubiri linaihusu vipi? Sharti moja: ukijitetea hata mara moja, kazi imeharibika.

Alimchukua muuza chipsi, nesi wa zamu za usiku, mwanafunzi wa kidato cha sita, dereva bodaboda na bibi mmoja wa miaka 70 na zaidi. Wiki mbili za kwanza wote walisema "limetubariki Baba". Wiki ya tatu bibi akamhurumia. "Mwanangu, ulipoanza kile Kigiriki nilipotea. Nikarudi kwenye matangazo."

Watu wakapata ujasiri. Nesi akasema kila mfano wa mwanamke kwenye mahubiri yake ni wa mwanamke anayelia au anayepika. Dereva boda akasema, "Baba, ukisema vijana wanapenda hela ya haraka, mimi siku hiyo nakuwa nimelaza elfu tano baada ya hesabu ya bosi. Haraka ipi?" Mchungaji alifungua mdomo kujitetea, akakumbuka sharti, akaufunga. Akaandika kwenye daftari.

Msije mkadhani baada ya hapo kanisa lilifurika. Hubiri lake la kwanza baada ya kozi lilikuwa baya kupita yote. Alisoma karatasi, dakika 19, utani hamna, watu wakaulizana kama presha imepanda. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia, "Baba siku hizi hutupi moto." Sadaka haikupanda. Simu hazikuzimwa. Kuna familia mbili zilihamia kanisa la jirani lenye bendi nzuri.

Kilichobadilika ni vitu vidogo, na vilichukua miezi. Jumanne asubuhi simu yake inakaa kwa mke wake mpaka saa sita, yeye na fungu. Alhamisi anawapigia wenzake wawili wa kozi na kuwaambia sentensi yake moja, wasipoielewa anarudi mezani. Wale watano anawabadilisha kila baada ya miezi mitatu. Utani umerudi, ila sasa unafanya kazi. Na binti yake amekosa mara tisa mfululizo. Mchezo wa kwaya umekufa kifo cha asili.

Jambo moja alilichelewesha kuliko yote: kwenda kwa yule mama. Alikwenda siku ya kazi, bila joho, bila mzee wa kanisa. Wakanywa chai. Akamuuliza alichofundishwa kuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mimbarani.

"Mama, siku ile ya mwanao. Ulitamani kusikia nini?"

Mama hakufikiria hata kidogo. Jibu lilikuwa limemsubiri muda mrefu.

"Jina lake, Baba. Hukulitaja hata mara moja. Ulisema marehemu, marehemu, marehemu. Hata baba yake ulimsema hivyo hivyo. Nikasema labda tiketi yenyewe haina jina."

Mchungaji hakuwa na jibu. Akaomba radhi, na mama akamwongeza chai.

Tangu hapo ana utaratibu wa misiba ambao wazee wake wanauona wa ajabu. Usiku wa kuamkia maziko anakwenda kukaa na wafiwa saa nzima, hahubiri, anauliza tu. Alipenda nini? Alikuwa anawachekesha kwa neno gani? Nani aligombana naye na hajapatana? Anaandika jina lote, analitamka mara kadhaa kwenye gari asije akalikosea. La tiketi hajalirudia tena. Siyo kwamba ni hubiri baya. Anasema akilifikia tu, anaiona ile midomo.

Na mwezi ujao kuna ibada ya shukrani ya mwaka mmoja wa yule kijana. Usharika una wachungaji wawili na mwinjilisti mmoja, mama angeweza kumuomba yeyote. Amemuomba yeye.

Sasa upande wako wewe unayesoma hii kwenye simu, huenda kanisani, huenda mhubiri yuko jambo la pili kati ya matatu. Kucheka kwenye grupu ni rahisi, wale vijana wa kwaya walicheka miaka na baba wa watu hakujua. Jumapili hii ukifika mlangoni, usiseme umetubariki. Mwambie kitu kimoja ulichokisikia. Kama hukusikia kitu, mwombe dakika mbili za faragha siku ya Jumatatu, mwambie na hilo, kwa heshima zote, shikamoo kwanza.